Kadi ya gari imepotea, na ukweli nao upotee?

Ndugu msomaji, kama umewahi kwenda kwa wakili kula kiapo cha kupotelewa na kitu, bila shaka unakumbuka jinsi karatasi ile inavyoanza. Linatangulia jina lako, kisha inaelezwa kwamba wewe ni mtu mzima, kisha inatajwa dini yako: Mwislamu, mkazi wa mahali fulani, unaapa na kueleza kama ifuatavyo. Yanafuata maelezo mafupi yenye namba, sahihi yako, sahihi ya wakili na muhuri wake. Unalipa, unaondoka. Shughuli nzima haichukui hata robo saa, na wengi wetu tunapofika mlangoni tumekwishasahau tulichoapa.

Naomba leo tuizungumze karatasi hiyo, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe nilibakiza usiku mmoja tu kabla ya kuwa mshirika katika uongo wake.

Ndugu yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa, ni mfanyabiashara Same mjini. Alikuja Dar es Salaam akanikuta msikitini baada ya Alasiri, mkononi ana bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Kisa chake kilikuwa hivi. Kaka yake, aliyefariki miaka minne kabla, aliacha Toyota Hilux. Gari hilo ndilo lililokuwa mkono wa kulia wa duka. Linapanda milimani Mamba Miamba kufuata tangawizi, linateremka Ndungu kufuata mchele, linarudi Same. Baada ya msiba mdogo mtu alilichukua akaendelea nalo, na hakuna aliyeuliza. Siku moja likishuka na magunia ya tangawizi breki zilikataa, likaacha barabara na kupinduka. Dereva alivunjika mkono, Alhamdulillah akapona. Gari halikupona. Mkaguzi aliyeletwa na kampuni ya bima alilizunguka, akaandika kwamba fremu imepinda na gharama ya kulitengeneza inapita thamani yake. Wakifika hapo watu wa bima hawatengenezi tena. Wanalipa thamani ya gari zima na kuyachukua mabaki yawe yao.

Lilikuwa na bima kubwa. Baada ya makato yote malipo yangekuwa shilingi milioni 18. Kampuni ikataka ripoti ya polisi ya ajali, leseni ya dereva, funguo zote, na kadi halisi ya gari pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki iliyotiwa sahihi. Yote yalikuwapo isipokuwa kadi. Ilikuwapo fotokopi tu, ile iliyokuwa ikitumika kila mwaka kukatia bima. Tena kwenye fotokopi hiyo jina ni la marehemu, na bima nayo kwa miaka minne yote ilikatwa kwa jina la marehemu, kwa sababu wakala wa bima alikuwa akinakili lililoandikwa kwenye kadi bila kuuliza zaidi, na ndugu yangu hakuona sababu ya kumwambia.

Pale Same alipata mtu wa kumpangia mambo. Kwanza apate ripoti ya kupotelewa kutoka polisi, na hiyo aliipata. Pili uandikwe mkataba wa mauziano unaoonyesha kwamba marehemu alimuuzia gari miezi miwili kabla ya kufariki, na sahihi ya marehemu "itatafutwa". Tatu aape kwa wakili kwamba kadi ilipotea ikiwa mikononi mwake. Akiwa na hayo ataomba kadi nyingine Mamlaka ya Mapato, itolewe kwa jina lake, aikabidhi kwa kampuni, alipwe. Mkataba ulikuwa umekwishachapwa. Ulikuwa na shahidi mmoja, bado mmoja.

"Kaka, nimekuja uwe wewe," aliniambia.

Nami sikumkatalia. Nasema haya ili msomaji asije akadhani anaongea na mtu msafi. Nilimwambia aniachie karatasi, nitatia sahihi asubuhi nikienda kazini. Nilimwona ni mtu aliyepata hasara ya kweli, anadai haki ya kweli, na amezuiwa na kipande cha karatasi. Nikamwambia hata na maneno ya kumtuliza, kwamba serikali yetu inapenda karatasi kuliko watu.

Usiku nikaisoma ile rasimu ya kiapo. Neno "Mwislamu" likanikwama. Nilijiuliza limewekwa pale kwa kazi gani. Ofisa wa Mamlaka ya Mapato hamjui ndugu yangu, hajui kama ni mkweli au ni mwizi wa magari. Hana muda wa kupanda Upare kumuuliza jirani. Basi sheria imempa njia ya mkato, kwamba mtu huyu anasema ana Mola anayemwogopa, naye amemtaja Mola huyo kuwa shahidi, basi mwamini. Ndiyo kusema pale dini yako ndiyo dhamana. Umeiweka rehani kama wengine wanavyoweka kadi ya gari kwa mkopeshaji.

Wanazuoni wanakijua kiapo cha namna hii kwa jina lake, yaminul-ghamus, kiapo kinachomzamisha mwenyewe. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari, Mtume (s.a.w.) amekihesabu katika madhambi makubwa, kimetajwa sambamba na shirki, kuwaasi wazazi na kuua nafsi. Sisi tunakikuta dukani kwa mpiga chapa, kimeachwa nafasi ya kujaza jina.

Asubuhi ndugu yangu alipokuja nilimweleza kwamba nimesita. Alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo, na hoja zake nataka niziweke hapa kama alivyozitoa, kwa sababu ndizo hoja zetu sote.

Alisema gari ni la familia, halikuibwa. Limekufa kweli, hakulichoma moto ili alipwe. Bima amelipa kweli kila mwaka kwa jasho lake. Marehemu hawezi kuja kudai. Kampuni za bima zinafanya biashara ambayo masheikh wenyewe wanasema si halali, basi kuna ubaya gani kuzipa karatasi zinazoipenda? Na mwisho, hoja ambayo ilinifunga mdomo: mabinti wawili wa marehemu ni yeye anayewasomesha. Akisema ukweli, kwamba bima ilikatwa miaka minne kwa jina la mtu aliye kaburini, kampuni inaweza kukataa kulipa kabisa. "Sasa kaka, ukweli wako huo utawalipia yatima ada?"

Hoja ya kampuni niliona ni nyepesi, ingawa ndiyo maarufu kuliko zote. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokaa Jeddah mwaka 1985, lilitoa uamuzi kwamba bima ya biashara yenye kuchangia kwa ada maalumu ina ghurari kubwa na haijuzu, na likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Sudan walikwishaanza mwaka 1979, na majirani zetu wa Kenya walipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Lakini aliyeona bima ni haramu dawa yake ni kubaki na ile ndogo ambayo sheria ya nchi inamlazimisha, asiikate kubwa. Ukishaikata kwa hiari yako umeingia mkataba, na Sura ya Al-Maidah inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba bila kubagua ni na nani. Hakuna sheikh yeyote ninayemfahamu aliyesema kuwa biashara ikiwa na dosari basi kumdanganya mwenye biashara ni ibada.

Halafu fedha za bima si za kampuni peke yake. Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa hili, maana wana ndiva. Kwa msomaji asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la asili ambalo wakulima wa milimani huchimba na kulizibua pamoja kwa msaragambo. Maji ya mfereji yanaingia usiku kucha, mchana yanafunguliwa, na kila mmoja anamwagilia kwa zamu yake. Anayefungua ndiva isiyo zamu yake hamwibii bwawa. Anamwibia yule wa shamba la chini ambaye atafika na jembe lake akute tope. Mfuko wa bima nao umejazwa na watu wasiojuana, mwenye daladala wa Mbagala, mwenye lori la Tunduma, mama mwenye Vitz ya kupelekea watoto shule. Kila dai lenye karatasi za uongo linawapandishia hao ada na kuwazidishia masharti.

Tena tujiulize ni kwa nini wanaing'ang'ania kadi halisi. Watu hudhani ni urasimu. Gari lililokufa lina kitu kimoja kilicho hai, nayo ni namba ya chasisi pamoja na kadi yake. Kadi hiyo ikibaki mtaani, gari lililoibwa linaweza kuvalishwa namba za gari lililokufa, na mtu mwingine asiye na habari akauziwa, siku moja akashushwa barabarani na polisi mbele ya watoto wake. Au kadi ya zamani inakuwa iko kwa mkopeshaji, huku mpya imetolewa kwa kiapo, na gari moja likawa na kadi mbili na wadai wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Al-Baqarah, haizungumzii vita wala Kiyama. Inazungumzia kuandikiana deni, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wasikatae wakiitwa. Mimi niliitwa kuwa shahidi wa mauziano ambayo hayakuwapo.

Nikakumbuka na jambo jingine la hapo hapo Same. Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba, basi na Coaster viligongana vikawaka moto. Walikufa zaidi ya watu 35, na wengine hawakutambulika kwa macho, ikabidi vipimo vya vinasaba. Moto wa namna ile hauchagui. Unachukua mtu, na kitambulisho chake, na kadi ya benki, na vyeti alivyokuwa amebeba. Ni kwa ajili ya jamaa za watu kama hao ndipo sheria ikaruhusu neno la mtu aliyeapa lisimame badala ya karatasi iliyoteketea. Sasa kila anayeapa uongo kwamba kadi yake imepotea, anamfanya ofisa amtilie shaka zaidi yule mjane atakayekuja kesho ambaye kweli vyote vimeungua. Nilimwambia ndugu yangu hayo. Akanyamaza, lakini hakuwa ameshindwa. Alikuwa anangoja nijibu lile la yatima.

Hapo nikachukua kalamu, tukapiga hesabu, jambo ambalo ukoo mzima haukulifanya kwa miaka minne. Marehemu aliacha mke mmoja, mama yake mzazi, mabinti wawili na mdogo wake huyu mmoja. Baba alikwishatangulia. Hakuacha deni wala wasia. Sura ya Nisaa imekwisha gawa, hakuna cha kubuni. Mali inakatwa mafungu 24. Mke ana thumni, mafungu 3. Mama ana sudusi, mafungu 4. Mabinti wawili wana theluthi mbili, mafungu 16, kila mmoja 8. Jumla ni 23. Linabaki fungu 1, nalo ndilo la mdogo mtu, kwa uasaba.

Katika milioni 18 kila fungu ni shilingi 750,000. Mjane milioni 2 na robo, mama milioni 3, kila binti milioni 6, na yeye laki saba na nusu.

Ndugu yangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Mimi pia sikuwa nimejua. Nilikuwa nikijua ilmu ya mirathi ipo, kama mtu anavyojua mlima Shengena upo bila kuupanda. Sasa tazama, msomaji, ule mkataba wa mauziano ulikuwa unafanya kazi gani. Ulikuwa unasema gari halikuwa la marehemu siku aliyokufa. Kwa hiyo halimo katika mirathi, na milioni 18 ni za mdogo mtu peke yake. Mabinti wangeendelea kusomeshwa, sikatai, kwa sababu ndugu yangu si mtu mbaya. Lakini wangesomeshwa kwa hisani yake badala ya kwa mali yao. Siku akichoka, au akioa mke wa pili mwenye sauti, au akifa naye, wao wangekuwa hawana la kudai. Karatasi yenye sahihi yangu ingewajibu kwamba baba yenu aliuza.

Ndipo nikaona kwamba hoja ya yatima ilikuwa imegeuzwa juu chini. Ulikuwa uongo unaoanza kwa kuwanyang'anya, kisha unaahidi kuwatunza. Mwenyezi Mungu katika Sura hiyo hiyo ya Nisaa, kabla hata hajataja mafungu, amekwisha kuwaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Na Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Ummu Salama, alieleza kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba atakayepewa haki ya nduguye kwa ufundi wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haramu, kadi mpya ya Mamlaka ya Mapato itaihalalisha vipi?

Nakiri hata hivyo kwamba lile la msingi lilikuwa bado liko pale pale. Tukisema kweli, kampuni inaweza kugoma, na mafungu 16 ya mabinti yakawa mafungu 16 ya sifuri. Sikuwa na jibu la kulifuta hilo, na hata leo sina. Kuna wanaosema ukweli daima unalipa. Mimi nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingine haulipi kitu hapa duniani. Nilichoweza kumwambia ni kwamba hasara inayotokana na bima kukatwa ovyo ni yetu, tulioacha jina la maiti likae kwenye kadi kwa uvivu na kukwepa ada, na hatuna ruhusa ya kuifidia kwa kiapo. Aya ya 135 ya Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Haikuongeza "isipokuwa mkiwa na dai la bima".

Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu jana: "Shemeji umemuuliza kuhusu hiyo kadi?"

"Shemeji anajua nini mambo ya kadi?"

Tukampigia simu. Yuko Maore kwa wazazi wake tangu alipomaliza eda. Baada ya salamu nilimweleza kwamba tunatafuta kadi ya Hilux. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kadi ninayo, shemeji."

Ilikuwa ndani ya sanduku lake, imefungwa katika khanga pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya mabinti. Aliichukua siku ya tatu ya msiba. Nilipomuuliza kwa nini hakusema alinijibu kwa adabu kabisa kwamba hakuna aliyemuuliza. Kwenye hitma ya arobaini wanaume tulisema mambo ya mali tutakaa tuyazungumze, naye akasubiri tukae. Aliona gari linaondoka, duka linaendelea, kiwanja kinatajwa tajwa, na kitu pekee alichoweza kukishika mkononi kilikuwa kile kijikaratasi. Aliamini kwamba bila hicho gari haliwezi kuuzwa, na kwamba siku moja mtu atalazimika kuja kwake kumwomba. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ilichelewa tu miaka minne.

Nilikuwa kwenye ile hitma. Nilikula pilau, nikasema Amin, nikapanda basi kurudi mjini. Maneno "tutakaa" niliyasema na mimi.

Hebu fikiri. Ripoti ya kupotelewa ilikuwa imekwishatolewa. Ndugu yangu angeapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba kadi imepotea na haijulikani ilipo, wakati mtu anayejua ilipo yuko umbali wa safari ya asubuhi tu kutoka Same, na ni mke wa nduguye, na ana simu. Mbele ya sheria angesema hakujua. Lakini kutokujua kwa mtu asiyetaka kuuliza ni kutokujua kwa namna gani? Nadhani viapo vingi vya "sijui" tunavyokula ni vya aina hii. Hatusemi uongo tunaoujua, tunahakikisha tu kwamba hatupiti njia ambayo ukweli unakaa.

Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kesi ya mbuzi. Na historia inajua tusivyokuwa watu wa kunyamaza: Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, ile iliyompangia kila mtu kiwango kwa mali ambayo wakubwa walikuwa wakiikadiria wao wenyewe. Wazee wetu walisimama mbele ya serikali ya Mwingereza wakidai kutohesabiwa kwa kubahatisha. Ajabu ni kwamba mjane wetu alipotaka kwenda mahakamani mwaka ule wa msiba, wakubwa wa ukoo walimwambia kesi za mirathi ni aibu, zinavunja undugu. Tunayapenda mahakama pale tunapokuwa wadai.

Sitaki pia niwape nafuu wenye ofisi. Mtu anapofiwa hakuna anayemwambia kwamba ndani ya droo kuna kadi ya gari, sera ya bima, leseni ya biashara, na kwamba vyote hivyo vinabeba jina la mtu ambaye hayupo. Kuna cheti cha kifo cha RITA, kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, kuna Mahakama ya Mwanzo ya kuteua msimamizi wa mirathi, ambayo kwa Mwislamu inagawa kwa sheria ya Kiislamu. Njia ipo na gharama yake si ya kutisha. Lakini ni ndefu na haina anayeielekeza, wakati njia ya uongo ina mtu mlangoni anayekukaribisha kiti na kukuuliza jina kamili. Imamu anayetangaza jeneza msikitini angeweza kuongeza sentensi moja tu: jamaa wa marehemu wakusanye hati zake kabla ya arobaini, na mjane awepo. Ni misikiti mingapi umesikia hivyo?

Ndugu yangu alirudi Same na bahasha yake. Mkataba wa mauziano aliuchana mbele yangu, nami sikumsifu, maana sahihi yangu ilikaribia kuwamo. Alikwenda polisi kueleza kwamba kadi imepatikana. Kikao cha ukoo kilikaa, safari hii kweli, na shemeji akaletwa kutoka Maore akakaa ndani ya chumba badala ya jikoni. Yeye ndiye aliyependekezwa msimamizi, na mahakama ikamteua baada ya tangazo kukaa muda wake bila pingamizi. Sasa sahihi ya kuhamisha umiliki ni ya kwake. Ndiye pia aliyekwenda na mdogo wa mumewe kwenye kampuni ya bima, wakaeleza habari yote ya jina la marehemu na miaka minne. Ofisa aliwasikiliza, akachukua nakala, akasema suala litapelekwa makao makuu.

Mpaka naandika haya barua haijatoka. Hilux bado iko yadi, na ada ya yadi inahesabika.

Wakati wakisubiri limezuka jingine. Ndugu yangu ameandika orodha ya alizotumia kwa gari lile: bima ya miaka minne, matairi, injini iliyofunguliwa mara moja, mafuta. Anasema hizo zirejeshwe kwanza kabla ya mafungu 24. Shemeji naye, ambaye kumbe aliandika kwenye daftari la shule la binti yake kila safari ya tangawizi aliyoisikia, anasema kama gharama zitahesabiwa basi na nauli na faida ya magunia zihesabiwe, maana gari lilikuwa linafanya kazi na yatima ni wenye mali. Sheikh waliyempelekea amesema wote wawili wana hoja na kwamba anataka kuona daftari. Mama mkubwa ameomba kikao kifanyike nyumbani kwake siku ya Jumapili, na ameniambia kwa simu kwamba safari hii nisirudi mjini mapema.